Neno "Mtu" Katika Sheria Zetu Linamficha Nani?

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili kitabu cha kanuni za utumishi cha mwajiri mmoja ambaye sitamtaja. Sehemu kubwa ya kitabu kile ilikuwa imenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, ikiwemo sehemu ya likizo ya uzazi. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinamtaka mfanyakazi ampe mwajiri taarifa ya kusudio lake la kuchukua likizo angalau miezi 3 kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Katika Kiingereza cha sheria, mfanyakazi huyo anajulikana kuwa mwanamke kwa njia mbili: kwa kiwakilishi cha umiliki, ambacho ni cha kike, na kwa jina la likizo yenyewe, ambalo limetokana na neno la "mama". Nilipoandika "kusudio lake" njia ya kwanza ikafungika, na nilipoandika "likizo ya uzazi" ya pili nayo ikafungika, kwa sababu katika lugha yetu mzazi ni mama na ni baba pia. Mwanamke aliondoka katika sentensi bila mimi kumwondoa, nami sikuona kwamba ameondoka.

Aliyeona alikuwa kijana mmoja wa stoo ambaye mke wake alikuwa amejifungua. Alisoma kwamba mfanyakazi atapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, akaandika barua ya kuziomba, akaiambatanisha na kadi ya kliniki. Akajibiwa kwa mdomo kwamba siku zile ni za akina mama na kila mtu anajua hivyo. Akauliza, kwa adabu kabisa, ni mstari gani unaosema hivyo. Wakati mabishano yakiendelea, siku 7 zikapita, na kwa kuwa kifungu cha 34 kinampa baba siku 3 tu, tena kwa sharti kwamba azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, akazikosa hata hizo. Maneno yaliyomponza yalikuwa yangu, na tangu siku ile sijaweza kuuchukulia mjadala wa lugha ya jinsia katika sheria kuwa ni jambo la watu wa nchi za mbali.

Kwa kawaida mjadala huo huelezwa kwetu kama mvutano wa pande mbili. Upande mmoja unataka sheria ziandikwe kwa maneno yasiyobagua, yaani "mtu", "mzazi", "mwenza", ili asiwepo atakayeachwa nje. Upande wa pili unataka sheria iseme "mwanamke" na "mwanamume" waziwazi, kwa hoja kwamba asiyetajwa ni rahisi kusahauliwa. Nimesoma mengi ya pande zote mbili, na mengi ya niliyoyasoma yanachukulia kwamba lugha inayotumika ni Kiingereza, ambamo mwandishi wa sheria hulazimika kufanya juhudi ili asitaje jinsia. Sisi tunaanzia upande wa pili wa mto. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike wala cha kiume. "Yeye" ni yeye, na kiambishi "a-" kinawachukua bibi na babu kwa namna ileile. Mwenyekiti ni mwenye kiti, awe nani. Mabishano marefu ya Waingereza na Wamarekani kuhusu majina ya vyeo yanayobeba neno la "mwanamume" yangetuhusu labda kwa "bwana shamba" na "bwana afya", ambao ofisini siku hizi wanaitwa maafisa ugani na maafisa afya. Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, Katiba ya mwaka 1977 ilisomeka kwa Kiswahili bila kukwama popote: kiti kikiwa wazi, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki. Ni toleo la Kiingereza la Katiba hiyohiyo ndilo lenye ibara ya 37 inayomzungumzia Rais kwa viwakilishi vya kiume.

Jambo hili lina uzito mpya kwa sababu mwaka huohuo wa 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo iliibadilisha Sura ya 1 ya sheria zetu, yaani Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mamia ya sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kuja kwetu, na kila moja inapovuka, viwakilishi vyake vya kike na vya kiume vinabaki ng'ambo. Zipo sehemu ambazo hilo ni jema tupu. Zipo nyingine ambazo kuvipoteza ni kupoteza maana, na mfasiri asiyetahadhari hatasikia chochote kikidondoka.

Halafu kuna mahali ambapo mambo yanageuka kabisa. Katika Kiingereza kitendo cha kufunga ndoa kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kiswahili kina kuoa na kuolewa, na kwa kauli ya kutendwa pekee tumekwisha kusema nani anamchukua nani. Vivyo hivyo mume huacha na mke huachwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, inaanza kwa kusema hakuna mtu atakayefunga ndoa ambaye, akiwa mwanamume, hajafikia miaka 18, au akiwa mwanamke, hajafikia miaka 15. Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa: imeanza na "mtu", kisha ikamgawa mtu huyo vipande viwili na kumpa kila kimoja umri wake. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka huo mmoja ulipita bila marekebisho. Hapa sina shaka kwamba neno moja kwa wote ndilo la haki, kwa sababu utoto hauna jinsi, na msichana wa miaka 15 ni mtoto sawasawa na kaka yake. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na maneno hayo yamewekwa kwa mume na mke kwa kipimo kimoja. Mwandishi wake alijua kuandika kwa namna zote mbili.

Tumeirithi tabia ya kuandika sheria kwa jinsia moja kutoka Uingereza, na historia yake inafaa kukumbukwa. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria yatahesabiwa kuwajumuisha wanawake, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Lengo lilikuwa kupunguza maneno. Miaka 17 baadaye ikaja sheria ya uchaguzi iliyompa kura "kila mwanamume" mwenye sifa fulani, na maelfu ya wanawake wa Manchester wakajiandikisha, wakisema kwamba kwa sheria ya 1850 wao nao wamo. Mahakama ikawakatalia mwaka 1868. Walipokuwa wanatozwa kodi na kupewa adhabu, neno la kiume liliwajumuisha. Walipodai kura, likawaacha nje. Nchini Kanada jambo lilikwenda mbali zaidi: mwaka 1928 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake hawamo katika maneno "watu wenye sifa" wanaoweza kuteuliwa kuwa maseneta, na ilibidi wanawake watano wa jimbo la Alberta wakate rufaa hadi Baraza la Faragha mjini London, ambalo tarehe 18 Oktoba 1929 liliamua kwamba neno "watu" linawahusu wanawake pia. Baraza hilohilo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Afrika Mashariki. Ninakitaja kisa hiki kila mara ninapoambiwa kwamba "mtu" ni neno salama, kwa sababu neno lililozuiwa pale halikuwa "mwanamume", lilikuwa "watu".

Kwetu yupo mwanamke mmoja wa Kagera aliyelipima neno hilo. Holaria Pastory alirithi kwa wosia shamba la ukoo kutoka kwa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Kesho yake ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yabatilishwe. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilikuwa upande wake, kwa kuwa lilisema wanawake wanaweza kuipokea ardhi ya ukoo kwa matumizi tu na si kuiuza. Katiba nayo, baada ya kuingizwa sehemu ya haki za binadamu mwaka 1984, ilisema katika ibara ya 24 kwamba kila mtu anayo haki ya kumiliki mali, na katika ibara ya 13 ilikataza ubaguzi. Lakini orodha ya misingi ya ubaguzi katika ibara hiyo ilitaja utaifa, kabila, dini, rangi na mengineyo bila kutaja jinsia. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, akiamua mwaka 1990, ilimbidi aegemee pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliiridhia ili afikie uamuzi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Neno "jinsia" liliingizwa katika ibara ya 13 mwaka 2000.

Kwa maoni yangu, waliotunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 walilielewa somo la shauri lile kuliko watu wengi wanaolitaja. Hawakuridhika kuandika kwamba kila mtu anaweza kumiliki ardhi. Kifungu cha 3 kinasema kwamba haki ya kila mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi itakuwa sawa na ya mwanamume yeyote na kwa masharti yaleyale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wasiopungua 3 wawe wanawake. Mtu anayejua Kiswahili tu angeweza kuuliza kwa nini watajwe, wakati "mjumbe" tayari ni wa jinsia zote. Jibu liko katika maneno kama "wazee wa ukoo" na "mkuu wa kaya". Kisarufi maneno hayo hayana jinsia hata kidogo. Nenda lakini kijijini siku ya kuandikisha mashamba, useme karani aandike jina la mkuu wa kaya, na mke ambaye amelima shamba lile miaka 20 atamwona karani akimgeukia mume wake. Lugha imetupa usawa wa maneno kabla hatujaujenga katika maisha, na kwa sababu hiyo inakuwa rahisi kwetu kudhani kwamba tumekwisha kuujenga.

Mjadala ulivyo leo Uingereza umeongezewa swali jingine. Serikali ya huko iliamua mwaka 2007, kwa tamko la waziri Jack Straw, kwamba miswada yake iandikwe kwa lugha isiyotaja jinsia pale inapowezekana. Mwaka 2021 ukaja mswada wa kumwezesha waziri mjamzito kupata likizo bila kujiuzulu, kwa kuwa Suella Braverman, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, alikuwa anatarajia kujifungua. Mswada ulisema "mtu" aliye mjamzito. Baraza la Malordi, ambalo ni baraza la juu la Bunge la huko, likapinga, na Serikali ikakubali kuweka "mama" na "mama mtarajiwa". Wapo walioona kwamba mabadiliko hayo yanawaacha nje watu wachache wanaobeba mimba wasiojitambua kuwa wanawake. Wapo walioona kwamba kumfuta mama katika sheria ya uzazi ni kuwavunjia heshima akina mama wote. Kisha tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri lililotoka Scotland, ikaamua kwamba maneno "mwanamke" na "jinsi" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 yanamaanisha jinsi ya kimaumbile, huku ikisisitiza kwamba waliobadili jinsia wanabaki na kinga yao dhidi ya ubaguzi chini ya sheria hiyohiyo. Wako watu halisi pande zote za uamuzi ule, na sioni fahari katika kuushangilia kama ushindi wa mpira. Ninachokichukua kwa ajili ya kazi yangu ni kwamba majaji walilazimika kuandika kurasa nyingi mno kueleza neno moja ambalo watunga sheria walidhani linaeleweka.

Sisi tunaanza na neno lililochanganyika zaidi. Wataalamu wengi Tanzania hutofautisha jinsi, yaani hali ya kimaumbile ya kuwa mke au mume, na jinsia, yaani mahusiano na majukumu ambayo jamii imewapangia. Lakini fomu moja imeandikwa "Jinsi: Me/Ke" na nyingine "Jinsia: Me/Ke", na kwa msomaji wa kawaida "jinsi" ni namna ya kufanya jambo. Nchini Kenya tatizo limo ndani ya Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, ambayo katika Kiingereza chake hutumia maneno mawili tofauti, na katika Kiswahili mara nyingi yote mawili huitwa jinsia. Katiba hiyo inasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Inasema pia kwamba wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi thuluthi mbili wa jinsia moja. Kanuni ya thuluthi mbili imeandikwa bila kumtaja mwanamke, na hakuna Mkenya asiyejua kwamba imewekwa kwa ajili yake. Katika mabunge ya kaunti imefanya kazi, kwa sababu Katiba imeeleza kwamba viti maalum vitaongezwa hadi uwiano ufikiwe. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349 hakuna utaratibu kama huo, na njia pekee ya uhakika ni ibara ya 97, inayosema bila kuzunguka kwamba wanawake 47 watachaguliwa, mmoja kutoka kila kaunti. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana wala seneta, ingawa vyeo vyote viwili viko wazi kwa "mtu" yeyote. Mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, na halikuvunjwa.

Nisingependa msomaji adhani kwamba ninataka mwanamke atajwe kila mahali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inalieleza kosa la kubaka kuwa ni la mwanamume dhidi ya msichana au mwanamke, kwa hiyo mvulana aliyetendewa ukatili anatafutiwa kifungu kingine chenye jina jingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ilichagua kusema "mtu yeyote" na "mtoto", na kwa hilo naiona bora, kwa sababu mama wa mvulana hahitaji kueleza kwanza kwamba mwanawe naye anaweza kuumizwa. Hapo mwili uliodhuriwa unaweza kuwa wa yeyote. Katika likizo ya kujifungua mwili ni wa mmoja tu, na anayekaa na jeraha la upasuaji ana haki ya kuonekana katika sentensi.

Kitabu kile cha kanuni nilirudishiwa nikirekebishe. Niliandika "mfanyakazi mwanamke" na "likizo ya kujifungua" kwa kifungu cha kwanza, na kwa kile cha pili nikaandika "mfanyakazi ambaye ni baba wa mtoto", nikautenga ukurasa wake na kuweka siku 7 kwa herufi nzito. Katika fomu ya wategemezi iliyokuwa mwishoni nilikuta mstari mmoja, "Jina la mwenza", nikauona mzuri, kwani hauulizi kama anayejaza ni mume au mke. Nilikuwa karibu kuupita. Kisha nikakumbuka kwamba Sheria ya Ndoa inatambua ndoa ya wake wengi, na kwamba mwenza katika Kiswahili cha nyumbani ni mke mwenzako. Mfanyakazi mwenye wake wawili angepewa mstari mmoja, na mmoja wa wanawake wale asingeandikwa popote. Nilimuuliza ofisa wa utumishi tufanyeje. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akachora mistari mitatu chini ya ule mmoja, na juu yake akaandika: "Mume, mke au wake."